Saksofoni ya alto ya daraja la kati kwa bajeti ya dola 1,000: ninunue ipi?

Kihonda_Alto (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninapiga saksofoni ya alto katika kwaya ya kanisa hapa Morogoro, na mara moja moja huitwa kujaza nafasi katika bendi ya dansi inayopiga kwenye harusi. Chombo nilicho nacho ni kile cha bei ya chini kisicho na jina la kueleweka, ambacho wengi wetu tumeanzia, na naona kimefika mwisho wake. Noti za chini, kuanzia D kushuka hadi B flati, hazitoki mpaka nipulize kwa nguvu za kushtua waumini, na D ya katikati hupanda juu ya kinanda kiasi kwamba mpiga kinanda hunigeukia kabla sijaimaliza.

Nimeweka akiba inayokaribia dola 1,000, na humo humo ndimo itoke kodi na gharama nyingine zote. Dukani nimeambiwa kwamba saksofoni zina madaraja matatu, za wanafunzi, za kati na za wataalamu, na kwamba mtu wa hatua yangu anapaswa kuchukua ya kati. Ninaomba kuelezwa tofauti yake ya kweli ni ipi, na kama ni busara zaidi kununua mpya ya kampuni isiyovuma au ya mtumba ya kampuni inayofahamika. Nina ndugu anayeishi Uingereza ambaye anakuja likizo Desemba na yuko tayari kunibebea, ingawa yeye mwenyewe hajui hata pa kupuliza.

Fundi_Vitufe

Ndugu Kihonda, nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Dalili ulizozitaja, yaani noti za chini kugoma, mara nyingi si dalili za daraja la chombo bali za kuvuja hewa. Ingia chumba chenye giza, shusha taa ndogo yenye waya ndani ya mwili wa saksofoni, kisha bonyeza vitufe polepole kama unavyopiga, ukiangalia kama mwanga unapenya pembeni mwa pedi yoyote, yaani vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Pedi moja tu ya sehemu ya juu ikivuja, noti zote zilizo chini yake zitaumia, na mpulizaji atadhani mapafu yake ndiyo mabovu. Kuhusu D ya katikati, hiyo hupanda karibu katika kila alto, hata zile za gharama kubwa, na wapigaji huishusha kwa kulegeza mdomo kidogo au kwa kuongeza kitufe cha B ya chini. Kwa hiyo chombo kipya kitapunguza tatizo hilo, lakini hakitaliondoa.

Sasa nije kwenye swali. "Daraja la kati" ni lebo ya muuzaji kabla ya kuwa sifa ya chombo. Hakuna chombo cha upimaji kinachosema saksofoni hii ni ya kati na ile ni ya mwanafunzi. Kila kampuni hujipangia. Unachoongezewa unapopanda kutoka ya mwanafunzi kwenda ya kati aghalabu ni shingo (lile bomba la juu lililopinda) ya muundo bora zaidi, vitufe vilivyopangwa vizuri zaidi kwa vidole, nakshi iliyochongwa kwenye mdomo mpana wa chombo, sauti inapotokea, vanishi ya rangi iliyokolea, na sanduku zuri. Shingo ina maana kubwa kwa sauti, na mpangilio wa vitufe una maana kubwa kwa mkono. Nakshi na rangi ni za macho ya harusini.

Chukua Yamaha kama mfano, kwa sababu ndiyo ninayoifungua mara nyingi zaidi. YAS-280 ndiyo ya mwanafunzi kwa sasa, YAS-480 ndiyo ya kati, na YAS-62, ambayo imekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ndiyo ya kwanza katika ngazi ya wataalamu. YAS-480 ikiwa mpya inavuka dola 2,000 kwa urahisi, kwa hiyo hiyo si yako. Lakini YAS-23, ile ya mwanafunzi iliyotengenezwa kwa miaka mingi kabla ya YAS-275 na YAS-280, hupatikana ikiwa imetumika kwa dola 500 hadi 800 kutegemea hali yake. Nimewaona wapigaji wanaolipwa kwa kazi hii wakiitumia jukwaani bila aibu yoyote, na kwenye spika za harusi sijawahi kusikia mtu akiitambua kuwa ni ya mwanafunzi.

Ushauri wangu ni kwamba pesa yako inunue hali ya chombo, si daraja lake. YAS-23 au YAS-275 iliyotumika, iliyopitiwa na fundi hadi kila pedi inafunga, pamoja na mausipisi (kipande cha kupulizia) nzuri, itakupeleka mbali kuliko chombo cha kati cha mashaka kilichomaliza akiba yako yote. Tenga kama dola 650 kwa saksofoni, 120 hivi kwa fundi, 150 kwa mausipisi na ridi (kile kibanzi cha mwanzi kinachotetema), na kilichobaki kisubiri kodi.

Nyali_Saksi

Mwalimu Fundi, kwa heshima zote, naomba kutofautiana nawe. Mimi nipo Mombasa, na niliwahi kufuata ushauri kama huu. Nilinunua Yamaha ya mtumba kwa muuzaji wa mtandaoni aliyesema imefanyiwa matengenezo yote. Ilipofika, pedi zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama ngozi ya kiatu, springi kadhaa zilikuwa na kutu, na bei ya kubadilisha pedi zote ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia. Alto ina pedi zaidi ya 20, na kila moja hulipiwa.

Ndiyo sababu wakati mwingine chombo kipya kutoka Taiwani ni salama zaidi kwa mtu asiyeweza kukikagua kabla ya kulipa. Jupiter, kwa mfano, ni ya kampuni ya KHS ya Taiwani, na saksofoni zao za ngazi ya chini na ya kati zimejengwa kwa uangalifu. Kule Houli, katika mji wa Taichung, kazi ya kutengeneza saksofoni ni ya kurithishana katika familia tangu miaka ya 1940, na hata P. Mauriat, ambayo kwa jina mtu angeapa kuwa ni ya Ufaransa, ni ya hukohuko Taiwani. Mpya ya daraja la mwanafunzi kutoka kwao, ikipatikana ndani ya bajeti ya Kihonda, huja na pedi mpya, springi mpya na dhamana.

Na kwa sisi wa pwani nasisitiza suala la springi. Nyingi ni za chuma kigumu cha rangi ya bluu kinachoshika kutu, na hewa ya chumvi huzila kimya kimya. Chombo kilichokaa miaka ishirini Ulaya kwenye sanduku kavu kinaweza kuanza kukatika springi ndani ya misimu michache hapa.

Fundi_Vitufe

Dada Nyali, mengi uliyoyasema ni sahihi, nami sina ubishi na Jupiter. Nitakupinga kwenye dhamana pekee. Dhamana ya duka lililoko nchi nyingine ina thamani ndogo sana kwa mtu wa Morogoro, maana gharama ya kuirudisha alto na kuletewa tena inaweza kuzidi bei ya tatizo lenyewe. Tena chombo kipya si lazima kiwe kimerekebishwa. Saksofoni husafiri kwenye makontena, koki na felti hutanuka na kusinyaa, sanduku hudondoshwa, na nimepokea mpya kabisa zinazovuja kwenye G shapu na C ya chini. Mpya au ya mtumba, fedha ya fundi iwekwe pembeni.

Kilichokuumiza wewe ni kununua bila kukagua, na hilo lina dawa. Acha nieleze ukaguzi kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwanza, itazame shingo kwa ubavu. Wapo wanaosukuma mausipisi kwa nguvu shingo ikiwa imeshaunganishwa na mwili, na baada ya miaka shingo huinama. Utaona upande wa chini umebonyea au umekunjamana, na umbo lake si mviringo tena. Shingo iliyoinama huharibu usahihi wa sauti kwa namna ambayo mdomo hauwezi kurekebisha. Pia ichomeke mwilini na uikaze: ikitikisika, hewa inavujia pale.

Pili, shika chombo mbele ya macho na utazame kwenye mwili kama unavyotazama ubao kuona kama umenyooka. Saksofoni iliyoanguka hupinda, na fito ndefu za chuma zinazobeba vitufe huanza kukwama. Angalia pia pale ambapo kiungo kinashika mwili na mdomo mpana. Kibonyeo chini ya kiungo hicho kinakueleza kwamba chombo kilipigwa. Vibonyeo vidogo kwenye mdomo mpana havina neno, na kukwanguka kwa vanishi hakuna neno kabisa, ijapokuwa hushusha bei kwa faida yako.

Tatu, tikisa vitufe kwa pembeni. Vikicheza kushoto na kulia na kugongana, fito na mirija yake vimelika, na kuvirekebisha ni kazi ya siku nyingi.

Nne, pima mfumo wa okteva, ule unaopandisha noti kwenye ngazi ya juu. Shika G ukiwa umebonyeza kitufe cha okteva: kitundu cha shingoni kinatakiwa kibaki kimefungwa, na kile cha mwilini kifunguke. Bila kuachia kidole gumba, nenda A: cha shingoni kifunguke na cha mwilini kifunge. Kisha rudi G ya chini bila okteva, ugonge vidole kwa nguvu. Cha shingoni kisirukeruke.

Tano, piga noti za chini kwa sauti ndogo. Kila mtu anaweza kuitoa B flati ya chini kwa kupiga kelele. Chombo kilichofunga vizuri huitoa kwa sauti ya kunong'ona.

Kuna jambo la sita ambalo wauzaji wa Ulaya hawatakuambia, kwa kuwa haliwahusu sana. Alto yako ni ya E flati, yaani ukipiga C yako inasikika E flati ya kinanda, kwa hiyo gitaa likipiga ufunguo wa E, wewe unapiga C shapu. Likipiga A, wewe uko F shapu. Likipiga D, wewe uko B. Gitaa hupenda funguo hizo, na bendi zetu za dansi na za kanisani hufuata gitaa. Maana yake ni kwamba kidole chako kidogo cha kushoto kitaishi kwenye vitufe vya G shapu, C shapu, B na B flati. Kwa hiyo pima kundi hilo la vitufe, yaani meza ya kidole kidogo, kuliko kitu kingine chochote: teleza kutoka C shapu kwenda B na kurudi, na uhakikishe kwamba haihitaji nguvu ya kidole gumba. Mtu anayepiga muziki wa shule wenye flati nyingi anaweza kuvumilia meza nzito. Wewe huwezi.

Forodhani

Salaam kutoka Unguja. Katika mazungumzo haya sijaona mtu akitaja za zamani za Marekani, mathalani Conn, Buescher na Bundy ya Selmer. Bei yake huwa ndogo, na wanaozijua husema sauti yake ni pana kuliko za kisasa. Je, si njia nzuri kwa bajeti hii?

Fundi_Vitufe

Sauti yake ni nzuri kweli, nami ninazipenda. Lakini Conn na Buescher za kabla ya miaka ya 1950 zina mpangilio wa vitufe tofauti na wa kisasa, na hasa ile meza ya kidole kidogo niliyoitaja ni nzito na haina mwinamo wa kukusaidia kuteleza. Vipuri vyake pia ni vya kutafuta. Bundy ni imara na ya bei ndogo, ila ni chombo cha mwanafunzi kama YAS-23, na kwa mkono wangu YAS-23 ni nyepesi na sahihi zaidi kwa sauti. Kwa mtu mwenye fundi karibu na saksofoni ya pili nyumbani, sawa. Kwa Kihonda, hapana.

Kihonda_Alto

Nashukuruni sana, wakubwa zangu. Nilishusha taa jana usiku kama Fundi alivyoelekeza, na mwanga ulipenya kwenye pedi mbili, moja ikiwa ya G shapu. Inawezekana kabisa kwamba nimekuwa nikimlaumu mtu asiyehusika. Je, basi nitengeneze hiki nilicho nacho na nisinunue kabisa? Na kama nitanunua, nimwambie nini ndugu yangu wa Uingereza, maana vipimo vyote hivi yeye hawezi kuvifanya?

Fundi_Vitufe

Kitengeneze kwa gharama ndogo ili kikufikishe Desemba, kisha kibaki kuwa cha akiba. Shida ya vyombo hivyo vya bei ya chini si pedi pekee. Chuma cha vitufe vyake ni laini, kwa hiyo fundi hukipanga leo, na baada ya muda wa kubanwa na vidole mpangilio huhama tena. Wapo wanaotengeneza vizuri China siku hizi, na sitaki kuonekana natukana nchi nzima, ila kisicho na jina hakina wa kuulizwa.

Ndugu yako asinunue kwa mtu binafsi, hata kama bei inavutia. Aende kwenye duka la ala za kupuliza lenye karakana yake ndani, ambalo huuza za mtumba zilizokwisha kutengenezwa na fundi wa dukani. Atalipa zaidi kuliko mnadani, lakini ile ziada ndiyo kazi ya fundi uliyotaka kuilipia hapa. Aombe mambo mawili: chombo kipigwe mbele yake na mtu wa dukani kutoka B flati ya chini hadi F ya juu kwa sauti ndogo, huku akirekodi kwa simu, na apewe stakabadhi inayoeleza kilichotengenezwa. Rekodi hiyo akutumie kabla ya kulipa.

Na akiona mahali YAS-62 "mpya" inauzwa dola 300, aondoke. Yamaha za bandia zipo nyingi, na hakuna anayeuza YAS-62 halisi kwa bei hiyo akiwa na akili timamu. Iliyotumika kwa uhalali huanzia juu ya dola 1,000, kwa hiyo kwako labda ni safari ijayo.

Nyali_Saksi

Naongeza kuhusu usafiri, kwa kuwa hapo nina uzoefu. Alto katika sanduku lake huweza kukubaliwa kama mzigo wa mkononi, ila kila shirika la ndege lina vipimo vyake, kwa hiyo aulize kabla ya kukata tiketi. Isiingie kwenye mizigo ya chini ikiwezekana. Kile kizibo kinachokaa pale shingo inapoingia kiwe mahali pake, kwa kuwa ndicho kinacholinda pini ya okteva. Shingo na mausipisi zifungwe katika vitambaa na ziwe na nafasi yake. Mtu asiitumbukize shingo wazi ndani ya mdomo mpana. Vitufe vikubwa vizuiwe visichezecheze kwa vipande vya sponji.

Stakabadhi iwe mkononi uwanjani. Forodha hukokotoa kodi kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafirishaji, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na kwetu Kenya ni 16. Mtu asiye na stakabadhi hukadiriwa, na makadirio hayana huruma. Kama ndugu huyo anaingia na chombo kilichotumika, aseme ukweli kwamba kimetumika na aonyeshe bei halisi.

Forodhani

Swali la mwisho kutoka kwangu: hiyo mausipisi ya dola 100 na zaidi ina umuhimu gani, ikiwa Yamaha huja na 4C yake?

Fundi_Vitufe

4C si mbaya, na ningemwambia Kihonda aianzie hiyo kwa mwezi mzima ili ajue chombo kabla ya kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Uwazi wa ncha yake ni milimita 1.6 hivi, ambao ni rahisi kuudhibiti. Selmer S80 C* ina uwazi wa 1.7, sauti yake ni ya duara na inayotulia, na inafaa sana pale alto inapotembea pamoja na kwaya. Meyer 5 ina 1.8 hivi na sauti yenye makali zaidi, ndiyo maana imependwa sana na wapigaji wa jazi. Kwenye safu ya mapulizo ya bendi ya dansi, ukisimama kando ya tarumbeta mbili, utaishukuru. Tofauti ya sauti kati ya 4C na mojawapo ya hizi ni kubwa kuliko tofauti kati ya YAS-280 na YAS-480, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya tofauti ya bei ya saksofoni hizo mbili.

Kwa kuwa Kihonda yuko pote pawili, kanisani na harusini, ningechagua C* kwanza. Ridi aanze na Vandoren ya kawaida namba 2½ (namba ni ugumu wake), na akipata sauti nyembamba kwenye noti za juu apande hadi 3. Anunue sanduku zima la ridi 10, azizungushe tatu au nne kwa zamu, na kila akimaliza kupiga azifute na kuziweka kwenye kikasha chake badala ya kuziacha zimefungwa kwenye mausipisi, kwa sababu kwa joto la Morogoro huota ukungu kabla ya Jumapili inayofuata.

Kihonda_Alto

Nimeelewa. Nimemtumia ndugu yangu majina mawili, YAS-23 na YAS-275, pamoja na masharti ya karakana na rekodi. Nimemwambia pia asivuke dola 700. Akinitumia rekodi nitaiweka hapa ili mnisaidie kuisikiliza, hasa zile noti za chini.